Mjomba aliyenilea ananunua kangomba, na kikundi chetu kinaipinga kangomba

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, nina mtoto wa kiume wa miaka 6, na kazi yangu ni kuimba. Kikundi chetu kipo Mikindani. Tupo wanane: wapiga ngoma, gitaa, kinanda na waimbaji. Hatuna ukumbi. Korosho zikianza kuokotwa tunapakia ngoma na jenereta kwenye Noah ya kukodi, tunapanda Newala na Tandahimba, tunateremkia Masasi, na nauli ikiruhusu tunavuka mpaka Nachingwea na Ruangwa. Mchana tunapiga uwanja wa shule au jirani na ghala la chama cha msingi cha ushirika, watu wakiwa wanasubiri kupima. Usiku tukialikwa harusini tunakwenda, kwa sababu harusini ndiko wanakotuza, na hela ya kutuzwa ndiyo petroli ya kesho.

Nyimbo zetu ni za kutetea watu: wanafunzi wanaopewa mimba, wajane wanaonyang'anywa mikorosho mume akifa. Lakini wimbo unaoombwa kila tunapofika ni wa kangomba. Kwa wasomaji wa mikoa mingine, kangomba ni korosho zinazonunuliwa kwa kificho nje ya mnada, kwa kipimo cha kopo au bakuli, mara nyingi mkorosho ukiwa bado haujazaa. Mtu anabanwa na shida mwezi wa pili au wa tatu, anapewa hela kidogo, msimu ukifika anakabidhi korosho. Msimu uliopita, karibu na Kitangari, mama mmoja alitufuata nyuma ya spika baada ya wimbo. Alichukua shilingi 60,000 amtibie mtoto, korosho zilipokuja akatoa gunia zima. Aliyasema hayo huku anajifuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akatuomba tuupige tena.

Sasa shida yangu, Shangazi. Mjomba wangu ananunua kangomba.

Siyo tajiri. Ni wakala tu. Hela anapewa na tajiri mmoja wa mjini, yeye anazunguka vijijini na pikipiki. Baba yangu aliondoka nikiwa mdogo, na unajua kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Amenisomesha hadi kidato cha nne. Mama alipofanyiwa upasuaji alilipa yeye. Mwanangu hukaa kwake ninapokuwa safarini, wanakula sinia moja. Najua, na nimejua tangu zamani, hela hizo zilikuwa zinatoka wapi.

Katika wimbo wetu kuna ubeti wa "mwenye daftari la kava jekundu". Aliutunga kiongozi wetu kutokana na yale tuliyoyasikia vijiji vingi, maana kila mnunuzi wa kangomba ana daftari la majina. Sasa mjomba daftari lake lina kava jekundu kweli, na kijijini kwetu hakuna asiyelijua. Watu walirekodi wimbo kwenye simu, ukasambaa. Akipita na pikipiki vijana wanamwimbia. Binti yake wa darasa la sita anazomewa shuleni.

Juzi aliniita. Hakufoka. Alitandika mkeka, akanikaribisha nikae, akaniuliza, "Mwanangu, ada yako alilipa nani?" Nikanyamaza. Akasema ana mambo mawili. La kwanza, wimbo uachwe. La pili, tajiri wake yupo tayari kutupa gari na dereva kwa msimu mzima pamoja na spika mpya, mradi tuimbe mambo ya usafi na ya kinamama, tuachane na biashara za watu.

Kikundi kimegawanyika. Kiongozi anasema atakayetaka wimbo uondolewe aondoke yeye. Wenzangu watatu wanataka gari. Wanasema wamechoka kulala kwenye sakafu za madarasa, wana watoto, na usafi nao ni elimu. Mama analia tu, anasema mjomba hakosewi. Minada inaanza mwezi ujao. Nimpoteze mjomba, niache wimbo, au niache kikundi? Na mwanangu nimpeleke wapi?

Mwimbaji, Mikindani

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na gari, kwa kuwa hilo halinisumbui. Msilichukue. Tajiri huyo anataka kuununua msimu wenu mzima mikorosho ikiwa bado na maua, kwa bei aliyoipanga mwenyewe, na ikifika Novemba mtakabidhi chochote atakachodai. Leo atadai wimbo mmoja. Kesho atataka mpige kwenye mkutano wa mtu wake. Hiyo ni kangomba ya sauti, na ninyi mnajua kuliko mimi inavyoishia.

Lakini hao wenzako watatu usiwaone wasaliti. Mtu aliyelala kwenye saruji usiku kucha, asubuhi akapasha ngoma moto na kuimba juani mpaka saa kumi, ana haki ya kuuliza atarudi nyumbani na nini. Nimeona vikundi vingi vya huku kwetu vikifa, Lindi na Mtwara, na vingi havikuuliwa na wakubwa. Viliuliwa na kugawana hela gizani, bila karatasi. Kaeni na kiongozi wenu mwandike mapato yote: ya harusi, ya kutuzwa, na yale ya mashirika yanayowaita kupamba mikutano kisha yakawapa soda na nauli. Hao wa mwisho muwaambie bei yenu kabla ya kupanda gari. Mjisajili Baraza la Sanaa, BASATA, kama bado, nyimbo zenu mkaziandikishe Ofisi ya Hakimiliki, na mfungue akaunti ya benki inayohitaji sahihi za watu watatu. Kabla ya kugawana chochote, litengwe fungu la nyumbani kwa kila mwenye mtoto. Kundi likiwa na mfuko wake, gari la tajiri halitawagawa.

Sasa mjomba. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua yako yote ipo hapa.

Alikuuliza ada yako alilipa nani, ukanyamaza. Ulinyamaza kwa sababu swali lile lina ukweli ndani yake. Basi rudi ukalijibu. Mwambie: ulilipa wewe mjomba, na ulimtibu mama yangu, na mwanangu anakula kwako, sitasahau hadi naingia kaburini. Halafu umwambie na sehemu ya pili: hela ile ilitoka kwa watu kama yule mama wa Kitangari. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yatoke kinywani mwako siku hiyohiyo, mkeka huohuo.

Maana angalia anachokuomba. Deni la ada ni lako. Yule mama wa Kitangari hakusoma kwa ada hiyo, hakulala kwenye kitanda cha hospitali cha mama yako. Ukinyamaza ili mjomba afurahi, unalipa deni lako kwa korosho za yule mama. Mjomba analipwa kwa heshima, kwa kuitwa ukaitika, kwa kumuuguza siku akilala, kwa kumlea bintiye akihitaji. Hivyo ni vyake na asikose hata kimoja. Kuwanyamazia wengine si mali yako uitoe shukrani.

Usiende peke yako. Kwetu jambo la mjomba halisemwi na mpwa mmoja kama wanagombania kuku. Mama yako ndiye dada yake, na neno la dada lina uzito kwa kaka. Mkalishe mama kwanza, mweleze kama ulivyonieleza mimi, umwambie humkani mjomba. Anayelia analia kwa kuogopa ukoo kuvunjika. Akishaelewa kwamba ukoo hauvunjiki, atakwenda nawe.

Na msiende mikono mitupu. Nendeni na habari kwamba ubeti wa daftari jekundu umetoka.

Ndiyo, utoke. Nasema ubeti, sisemi wimbo. Kiongozi wako atakasirika, na barua hii unaweza kumsomea. Hakumkusudia mjomba wako, nakubali. Lakini wimbo ukishafika kijijini una maisha yake, na pale kwenu ubeti ule una jina na sura. Ninyi mnapanda Noah mnakwenda Nanyumbu, mtoto wa darasa la sita anabaki na wanaomzomea. Yeye hajanunua korosho ya mtu. Zaidi ya hapo, ubeti ule unamsaidia yule yule mnayempinga. Kijiji kikishampata wa kumwimbia, mwenye pikipiki na daftari, nani ataulizia mwenye mtaji aliyekaa mjini? Wakala anachekwa, tajiri anatafuta wakala mwingine. Marehemu Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978, aliimba juu ya kujikinga na UKIMWI wakati watu wakiona haya hata kutaja kinga yenyewe. Redio ya taifa haikutaka kuupiga, kumbi zikaupokea. Watu walimwita Dokta. Aliimba shida zao wote, masikini walijisikia ndani ya nyimbo zake. Huo ndio uimbaji unaokaa.

Na wimbo wenu, kwa ulivyonieleza, una upungufu mkubwa kuliko daftari. Unamkaripia mnunuzi. Je, unaimba kwa nini yule mama alikwenda kwake?

Mfumo wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho mwaka 2007. Mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, unakwenda ghala kuu, unauzwa mnadani, na hela inapita benki ndipo imfikie. Ni mfumo uliomwondolea mkulima madalali wengi njiani, na mimi nautetea. Lakini hela yake inakuja baadaye, na njaa haijui kusubiri. Wote tunaokaa Kusini tunakumbuka msimu wa mwaka 2018. Bei za wanunuzi zilikataliwa, na mwezi Novemba Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaingia kubeba mzigo. Ukafuata uhakiki wa kuwatafuta wa kangomba, na wapo wakulima wa halali waliosubiri malipo kwa miezi. Kwa bei ile, gunia la kilo 80 ni shilingi 264,000. Weka pembeni yake zile 60,000 za mama wa Kitangari uone alichopoteza. Kisha ujiulize mwezi wa tatu, mtoto akiwa na homa na muhogo mpya bado, ile 264,000 ilikuwa wapi.

Hapo ndipo pa kuimba. Imbeni mwezi wa pili na wa tatu, ghala la nyumbani likiwa tupu na watu wakichimba ming'oko, mizizi ya porini. Imbeni wakati wa ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, ambapo hata salfa, dawa yake, ikiletwa kwa ruzuku, mashine ya kupulizia inataka petroli na kijana wa kuibeba anataka ujira, na anayekosa hivyo anakwenda kwa mwenye daftari. Imbeni kikoba, kikundi cha kinamama cha kuweka na kukopa, kinachoweka akiba Desemba, hela ya mnada ikiwa mkononi, ili Machi kimkopeshe mwenye mgonjwa. Waambieni watu wasome mizani kwa macho yao, wasitoke bila karatasi yao, na siku ya mkutano mkuu wa chama wasimame waulize kila makato yaliyoandikwa. Na mizani ya chama ikichezewa, nayo iimbwe. Mjomba wako akiona mnamsema kila anayemwibia mkulima, hata mwenye muhuri na ofisi, atajua hamkumwinda yeye.

Mkimaliza wimbo zimeni jenereta. Wapeni watu nafasi ya kusema. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanasanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kijiji cha Malya, mkoa wa Mwanza, na hawakufika na mchezo uliokwisha andikwa. Walikaa na wenyeji, wakatumia ngoma na maigizo ya palepale, wanakijiji wakazitoa shida zao na kuzijadili hadharani. Ninyi mnafika kijijini, mnapiga, watu wanashangilia, mnapakia ngoma. Makofi hayalipi daftari la mtu. Ila kama baada ya wimbo wamebaki kinamama kumi wakipanga siku ya kuanza kikoba, hapo mmefanya kazi. Fanyeni hivyo mapema mchana, kabla uraka, pombe ya mabibo, haujaanza kuzunguka, maana baadaye hakuna mazungumzo tena.

Sasa tuseme umekwenda na mama, umesema yote, na mjomba bado amekataa. Inawezekana. Kazi yake ndiyo inayomlisha, na kuna mkubwa anayemdai. Hapo utavumilia uso wake wa hasira, utaendelea kumsalimia na kumpelekea samaki ukitoka pwani, na wimbo utaendelea kuimbwa. Nitakuongezea sharti moja ambalo kiongozi wako hatalipenda: msimu huu kijijini kwenu msiupige kabisa, hata bila ubeti ule. Simu zimeshaufikisha. Mwacheni yule binti amalize mwaka wake wa shule kwa amani.

Mjomba akikufungulia moyo je? Mawakala wengi wanajua mambo ambayo sisi hatuyajui: nani anatoa mtaji, korosho za kificho zinaingizwaje kwenye mzigo wa halali, kwa jina la mkulima gani. Akikueleza, yabaki kwenu wawili mpaka yeye mwenyewe aseme vingine. Usiyageuze ubeti. Alikuambia kama mwanawe. Lakini muulize pia angependa kufanya nini kama angepata pa kutokea, maana mtu mwenye pikipiki, anayeandika hesabu vizuri na kukijua kila kijiji, ana kazi nyingine anazoziweza.

Mwanao mhamishie kwa bibi yake kabla ya safari ya kwanza, na ufanye hivyo kwa adabu. Usimwondoe siku ya ugomvi, mjomba asidhani unamwadhibu. Mwambie ni miezi ya msimu tu, mama anataka mjukuu karibu, na siku za mapumziko ataletwa wale naye sinia lao. Kila wiki umtumie mama hela ya matumizi kutoka lile fungu la nyumbani, hata iwe ndogo, tena umtumie na mke wa mjomba kidogo, kwa kuwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyemwogesha mtoto na hakuna aliyemtaja, hata wewe kwenye barua yako. Muda wote mwanao anakaa nyumba moja na hela ya kangomba, kila utakapopanda jukwaani utakuwa unatazama nyuma.

Kuhusu usalama nisiseme mengi, mnayajua. Mkishamkatalia tajiri, kila mnapokwenda muwe na kibali cha afisa utamaduni wa halmashauri mkononi, na mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wajue mmefika na mtalala wapi. Ninyi kinamama mlale nyumba ya mwenyeji mwenye familia. Vyombo visisafirishwe usiku.

Jibu la gari liandikwe, kwa lugha ya heshima, kwamba kikundi kinashukuru na hakipokei. Lisiitwe jibu lako, ni la wanane, na wote wanane watie sahihi, pamoja na wale watatu baada ya kuona hesabu. Usimpe mjomba alipeleke. Kiongozi wenu alipeleke mwenyewe kwa tajiri, ili mjomba asije kulaumiwa kwa jambo ambalo hakuliamua yeye.

Na mkeka ule, Ijumaa hii baada ya swala panafaa. Mjomba atakuwa nyumbani, na mama hatakuwa na kisingizio.

Shangazi